Tundu la Nne

Kwa miaka kumi na miwili Orrin Tveit alitembea na kipande cha karatasi ndani ya pochi yake, kati ya leseni ya udereva na picha ya mkewe. Karatasi hiyo ilikuwa na matundu matatu ya risasi, yamegusana kiasi kwamba sarafu ya senti kumi ingeyafunika yote. Pale mkahawani, katika mji wa Harlan Fork, hapakuwa na mtu ambaye hajaonyeshwa. Mgeni akikaa na kutaja bunduki kwa bahati mbaya, pochi ilikuwa mezani kabla kahawa haijafika.

Watu wa huku Montana wana ugonjwa huo, tusifichane. Mtu anayejitengenezea risasi mwenyewe hujaribu kipimo hiki cha baruti, akapiga tatu. Akajaribu kipimo kile, akapiga tatu. Na siku matundu matatu yatakapogusana, huacha papo hapo, hubandua karatasi na kurudi nyumbani akipiga mluzi. Muulize kwa nini hakupiga ya nne. Atakujibu kwamba ya nne ni ya kuharibu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mpiga shabaha naye ana ngozi yake.

Hata hivyo Orrin hakuwa mtu wa ovyo. Miaka thelathini na mmoja alisimamia mizani ya kiwanda cha sukari, akipima malori ya viazi sukari wakati wa mavuno, mchana na usiku, vumbi na theluji. Wakulima waligombana na meneja, na benki, na hata na mchungaji wao, lakini mizani ya Orrin hawakuigusa. Alipostaafu aliuhamishia usahihi wake gereji. Humo alikuwa na mizani ndogo ya baruti ndani ya kisanduku cha kioo, na kabla ya kuitumia alifunga dirisha na kuzima feni, na mkewe Arlys alijua kwamba wakati huo mlango haufunguliwi hata nyumba ikiungua. Alisafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, akayatia fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti punje kwa punje, akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Haba na haba hujaza kibaba, nazo haba za Orrin zilipimwa mara mbili.

Nusu ya risasi hizo zilikuwa za rafiki yake Wendell Koskela. Wendell aliendesha basi la shule la Harlan Fork mpaka watoto wa watoto aliowabeba wakaanza kupanda. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na subira ya mizani hakujaliwa. Miaka kumi na miwili iliyopita alinunua bunduki mpya, akampelekea Orrin aitafutie kipimo kinachoipendeza, maana kila mtutu una chakula chake. Orrin alijaribu vipimo saba. Cha tano kikatoa yale matundu matatu. Tangu siku hiyo Wendell hakupiga risasi nyingine yoyote, na aliwaambia watu kwamba kwa risasi za Orrin hata kipofu anapata nyama. Mara mojamoja alikosa, nao wakalaumu upepo.

Novemba iliyopita hapakuwa na upepo. Wendell alilala juu ya ukingo wa mlima, bunduki imeegemea begi lake, na upande wa pili wa bonde, yadi mia mbili na themanini, dume la kulungu wa milimani lilisimama ubavu wazi. Alilenga bila haraka. Orrin alikuwa kando yake na darubini, akaona risasi ikiingia nyuma sana, tumboni, mbali na moyo. Dume likayumba, likaingia msituni. Walifuata damu siku mbili kwenye theluji. Siku ya pili jioni damu ilikwisha, theluji mpya ikafunika nyayo, na wakasikia kunguru wakipiga kelele mahali wasipoweza kufika. Wendell alivua kofia, akakaa juu ya gogo. Hakuna aibu inayomshinda mwindaji wa huku kama kumwacha mnyama afe polepole, tena bure.

Waliposhuka, Wendell alimkabidhi Orrin bunduki yake. Akasema macho yamekwisha, na mikono pia, ikae kwake mpaka apatikane mtu wa kuipenda. Daktari wa macho alimpima mwezi uliofuata, akamwambia ana macho mazuri kwa mtu wa miaka sabini na mitatu. Wendell alimwamini kulungu kuliko daktari. Aliacha kuendesha gari jua likizama, akaacha kupasua kuni, akaacha kupanda ngazi kuondoa theluji juu ya paa. Binti yake Janelle, anayeishi Spokane, alikuwa amemwomba kwa miaka mitano ahamie kwenye makao ya wazee karibu naye, na kila mwaka baba alimjibu kwa mzaha. Masika hii alimjibu ndiyo. Jumamosi ya mwisho ya Agosti Janelle angekuja na karatasi za kuuza nyumba.

Habari hizo Orrin alizileta mezani mwishoni mwa Julai, wakati wa chakula cha jioni, akisikitika jinsi uzee unavyomla mtu. Arlys alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama kosa lilikuwa la risasi je?

Orrin aliweka uma chini. Akachomoa pochi, akatoa karatasi, akaiweka mbele ya mkewe kana kwamba hajaiona mara mia.

"Nimeiona," Arlys akasema. "Matundu matatu. Hebu niambie, kule kiwandani, mlipotaka kujua lori zima lina uchafu kiasi gani, mlikuwa mnachukua viazi vingapi?"

"Ndoo nzima. Si unajua."

"Vitatu vya juu havikutosha?"

"Vitatu vya juu mkulima anavichagua mwenyewe, Arlys."

"Haya. Na hivi vyako nani alivichagua?"

Orrin alikasirika, tena sana. Alitoka nje akamwagilia nyanya ambazo Arlys alikwisha kuzimwagilia. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa ameliweka lake kwenye pochi na kulionyesha mji mzima.

Asubuhi ya tatu aliamka kabla ya jua. Alikuwa ametengeneza risasi kumi za kipimo kilekile, kwa baruti ileile, kwa uangalifu uleule. Akaitoa bunduki ya Wendell kwenye kabati la chuma, akaenda uwanja wa shabaha ulioko ng'ambo ya mashamba ya majani, maili moja hivi kutoka nyumbani. Hapakuwa na mtu. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, na vibendera vya kuonyesha upepo vilining'inia kama soksi. Alibandika karatasi yadi mia moja, akakaa kwenye meza ya zege, akaegemeza bunduki juu ya vifuko vya mchanga na kuvaa vifunika masikio.

Akapiga ya kwanza. Akangoja mtutu upoe, akapiga ya pili, akangoja, akapiga ya tatu. Kisha akachungulia kwenye darubini. Shetani naye ana ucheshi wake: matundu yalikuwa matatu, karibukaribu, si ya kugusana lakini ya kumfurahisha mtu yeyote mkahawani.

Orrin aliondoa jicho kwenye darubini. Mkono wake wa kulia ulikwisha kuanza kufunga kiboksi cha risasi bila kuagizwa. Mtu asidhani ni jambo dogo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na katika maisha yake yote alikuwa amejulikana kwa kitu kimoja tu, kwamba akisema kitu kina uzito fulani basi kina uzito huo. Akiacha hapa, angerudi nyumbani na ushahidi wa pili. Arlys angenyamaza, na Wendell angehama, na hakuna binadamu ambaye angejua. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa. Alikifungua kiboksi tena.

Ya nne iliingia juu, kulia, mbali na wenzake inchi tatu. Alijiambia amevuta kifyatulio vibaya. Ya tano ikarudi katikati na moyo wake ukatulia. Ya sita ikaenda chini. Ya saba chini zaidi. Alipomaliza ya kumi alitembea mpaka kwenye karatasi badala ya kutumia darubini, maana alitaka kuigusa. Kutoka tundu la juu kabisa hadi la chini kabisa palikuwa na inchi tano na nusu. Ng'ambo ya lile bonde hizo zingekuwa zaidi ya inchi kumi na tano: unalenga moyo, unapata tumbo, na mkono wako hauna kosa.

Ili asimwonee mtu, alifungua paketi ya risasi za dukani, zile alizozidharau tangu ujana, akapiga kumi kwa bunduki ileile. Risasi za mashine isiyomjua Wendell wala mama yake. Zote kumi zilikaa ndani ya inchi mbili na nusu. Bunduki ilikuwa nzima. Macho na mikono ya mzee mwenzake pia vilikuwa vizima. Kwa miaka kumi na miwili Orrin alikuwa akimpa rafiki yake bahati nasibu, imefungwa vizuri ndani ya kiboksi chenye maandishi safi.

Angeweza kwenda kwa Wendell asubuhi ile ile. Nyumba yenyewe ilikuwa njiani. Alipita bila kupunguza mwendo.

Alijipa sababu, na ilikuwa sababu nzuri, kama zilivyo sababu zote za waoga. Alisema kwanza atafute kipimo kipya, kisha ampelekee Wendell kama zawadi, amshawishi ajaribu, na mambo ya zamani yajifie yenyewe. Basi wiki tatu zilizofuata alifanya kazi kuliko alivyowahi kuifanya tangu astaafu. Alipunguza baruti nusu punje, akapiga kumi. Akabadilisha fataki, akapiga kumi. Akasogeza kichwa cha risasi mbele kidogo ndani ya ganda, akapiga kumi. Bega lake la kulia likageuka rangi ya bilinganya. Kila karatasi ilikuwa mbaya kwa namna yake, maana risasi kumi hazimpambi mtu. Lakini sasa alikuwa anaiona bunduki ile kwa mara ya kwanza, na kazi yenyewe, lazima isemwe, ilimpa amani. Alianza kupenda hata tundu la kumi, lile ambalo wengine wote wanalikimbia.

Kipimo alichokipata hatimaye hakikuwa cha kujivunia. Kilikuwa cha chini, cha polepole, kisichotoa hata matundu matatu ya kuonyesha watu. Lakini risasi kumi zilikaa ndani ya inchi moja na robo tatu. Kesho yake akapiga kumi nyingine, zikakaa palepale. Alipomweleza Arlys, mkewe alimuuliza kama amemwambia Wendell. Orrin akasema atamwambia. Arlys akasema leo ni Alhamisi, na Janelle anafika keshokutwa.

Jioni ile Orrin alimkuta Wendell sebuleni kwake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifunga sahani kwenye magazeti. Kuta zilikuwa na alama nyeupe mahali picha zilipokuwa. Simu ya nyumbani ilikwisha kukatwa tangu Jumatano.

"Umekuja kusaidia au kuangalia kitakachobaki?" Wendell akauliza. Kisha akaiona bunduki, na mzaha ukamtoka usoni.

Orrin akaanza maneno aliyoyafanyia mazoezi njiani. Akasema ametengeneza kipimo kipya, cha kujaribu tu, kwamba asubuhi kuna utulivu uwanjani, kwamba haidhuru mtu kupiga mbili tatu kabla ya kuondoka. Wendell alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Acha, Orrin. Najua unanitakia mema. Lakini risasi zako hazijawahi kuwa na kosa. Mimi ndiye niliyelenga. Nikianza kuzisingizia risasi zako nitakuwa mtu gani?"

Hapo Orrin aliyaacha maneno ya mazoezi. Angevumilia kutukanwa, lakini kutetewa hakuweza. Akakaa juu ya boksi la vitabu, akasema yote: matundu matatu, la nne alilolikataa miaka kumi na miwili, inchi tano na nusu, risasi za dukani, na kumi za kipimo kipya zilizokaa ndani ya inchi moja na robo tatu. Alisema dume lile lilipigwa tumboni na yeye Orrin, aliyekuwa amekaa kando na darubini.

Wendell aliendelea kushika sahani. "Umejua lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Akaiweka sahani chini taratibu sana. "Mimi nimegawa mbwa wangu, Orrin. Nimempa mtu shoka la baba yangu. Nimekuwa nikilala nikijiambia, haya, ndivyo inavyokuja, kubali. Sikatai kuzeeka. Lakini nilitaka nizeeke siku yangu ikifika, siyo siku ya makosa yako."

Orrin akasema anajua. Wendell akamwambia hajui, na asijifanye kujua. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua bunduki na kiboksi cha risasi, akafungua mlango wa mbele na kuushikilia mpaka rafiki yake alipotoka.

Usiku ule Orrin hakulala, wala hakustahili. Asubuhi alikaa jikoni na kahawa iliyopoa, madirisha wazi. Ilikuwa saa moja na kitu mlio ulipokuja kutoka ng'ambo ya mashamba, mmoja, mzito, anaoufahamu kama sauti ya mtu. Arlys aliacha kukoroga uji wa shayiri. Baada ya dakika kadhaa ukaja wa pili, kisha wa tatu.

Halafu kimya. Orrin alitazama saa ya ukutani. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Alijua ni nini kinachoendelea kwenye ile meza ya zege, kana kwamba ameketi pale mwenyewe: mzee anachungulia kwenye darubini, na matundu matatu yanamwambia kitu, kizuri au kibaya, na mkono uko kwenye kiboksi. Arlys alizima jiko.

Wa nne ukalia. Arlys alitoa pumzi. Wa tano, wa sita, wa saba, bila haraka, kila mmoja kwa nafasi yake. Walihesabu wote wawili bila kusema, mpaka wa kumi.

Gari la Wendell liliingia uani baada ya nusu saa. Aliingia bila kubisha, kama alivyozoea, akabandika karatasi mezani kati ya kikombe na chupa ya asali. Matundu kumi yalitawanyika ndani ya inchi tatu kasoro kidogo. Orrin aliyatazama bila kuthubutu kuyagusa.

"Yametawanyika kuliko yako," Wendell akasema.

"Yametawanyika."

"Kwa hiyo mwisho wangu ni yadi mia mbili. Zaidi ya hapo simpigi mnyama, hata asimame ananichekea. Mikono inatetemeka kidogo mwishoni. Hiyo ni yangu, nimeiona." Akavuta kiti. "Sijakusamehe."

"Sijakuomba bado."

"Usiniombe leo. Ngoja Novemba, ukiwa umebeba paja la mnyama mgongoni mwako kupanda mlima, uone nitakavyokujibu."

Arlys alimwekea uji. Hakuugusa. Aliomba simu yao, akavaa miwani ili aione namba, akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine na kusubiri, akiwa ameipa meza mgongo. Sauti ya Janelle ilisikika ndogo, yenye hofu, maana baba yake hapigi simu asubuhi.

"Njoo kesho kama tulivyopanga," Wendell akamwambia. "Ila zile karatasi za kuuza nyumba ziache huko huko." Alisikiliza kidogo. "Hapana, sijaanguka. Hapana, hakuna aliyenishauri. Nimejipima mwenyewe leo asubuhi, mama, na bado nipo."